Uso wa Aliyelala

Ninyi mnaobaki na mwiko na karai, nawaandikia haya nikiwa barazani kwangu na mikono isiyo na kazi. Chokaa ikishaingia kwenye mistari ya viganja haitoki kwa sababu tu umestaafu. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha ofisini ndani ya majalada, na sijawahi kumwona mtu akizisoma kwa raha. Mimi nataka kuwasimulia mnara.

Mnaupita kila siku, kwa hiyo pengine hamjautazama. Simameni siku moja kwenye kiwanja cha soko la zamani, asubuhi, kabla wauza nyanya hawajatandika magunia, jua likiwa bado liko nyuma ya paa la lile duka la Mwarabu. Mtauona ukitoka kwenye vumbi polepole, kama kitu kinachokumbukwa. Chini kuna ngazi. Juu ya ngazi kuna kitako cha pembe tatu, na juu yake nguzo iliyofunikwa na mawingu ya chokaa tangu chini hadi juu, na kwenye mawingu wamekaa malaika wadogo wanene, wengine wameonyesha miguu tu. Kileleni amesimama Bikira Maria juu ya mwezi mwandamo, kichwani ana nyota za bati zilizopakwa rangi ya dhahabu. Kwenye pembe moja yupo mtakatifu anayefunua paja kuonyesha kidonda, na mbwa wake kando, mkia umejikunja kama mbwa wetu wa machungani. Na chini kabisa, ndani ya kitako, kuna pango dogo, na ndani ya pango amelala mwanamke.

Wazee walitueleza kwa nini upo. Enzi za Mwingereza tauni iliingia vijiji vya huku pamoja na panya wa kwenye vihenge vya mtama. Watu waliota mitoki, ule uvimbe wa kinenani na kwapani, wakashikwa na homa, wakafa, na waliobaki wakaogopa hata kuwazika. Ilipopita, padri mmoja mgeni akasema tujenge mnara wa kushukuru. Alizaliwa katika mji wa Ulaya ambao una nguzo ya namna hiyo katikati ya uwanja, iliyosimamishwa na mababu zake baada ya tauni yao wenyewe. Aliichora kwa kukumbuka tu. Mafundi wake walikuwa waashi waliotoka migodi ya Sekenke. Hawakuwahi kuona kitu kama kile, basi wakajenga walichokielewa. Ndiyo maana mawingu yanafanana na ugali uliopakuliwa kwa haraka, na kila mtoto wa mjini kwetu huuita mnara ule Ugali mpaka afikie umri wa kukemewa.

Mimi si wa hapa. Ni Mnyaturu wa Ilongero, nilikuja Iramba kumfuata mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori. Idara ya ujenzi ya halmashauri ilikuwa inatafuta kibarua wa kubeba maji, nikaenda. Fundi mkuu alikuwa Mzee Yona, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye nguo zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa hata siku ya Jumapili. Siku ya kwanza hakunipa ndoo. Alinipeleka mbele ya mnara, akanionyesha jiwe la kukalia.

"Tazama," akasema.

"Nitazame nini, mzee?"

"Ukishakijua nitakupa maji ubebe."

Nilidhani ananikejeli kwa sababu mimi ni mwanamke. Nikakaa pale asubuhi nzima, wapita njia wakinicheka. Jua lilipopanda nikaanza kusinzia, na katika kusinzia kule mawingu yakawa yanatembea, malaika wanapishana. Nilipofumbua macho vizuri nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Nikamfuata.

"Upande wa mashariki umelika kuliko mwingine."

"Kwa nini?"

"Upepo unaleta mvua kutoka huko."

"Chukua ndoo," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mzee Yona alikuwa Mlutheri, mzee wa kanisa, na hakuziamini sanamu hata kidogo. Nilimuuliza siku moja anawezaje kumsugua Bikira Maria uso kila kiangazi. Akanijibu huku anaendelea kusugua: "Mimi simwombi, namwosha. Mtu mchafu akija kwako utamuuliza dhehebu?"

Alinifundisha chokaa. Tulikuwa tunaokota mawe meupe ya mbugani, tunayachoma kwenye tanuri, halafu tunayazima shimoni kwa maji. Yanachemka yenyewe kama sufuria ya makande, na baadaye yanatulia. Hapo mtu mwenye haraka huchota akatumia. Mzee Yona alikuwa anafunika shimo kwa mabati na kuliacha miezi na miezi. Alisema chokaa changa ina hasira, itapasuka ukutani. Iliyokaa huwa laini kama mtindi, ukiikata kwa mwiko inabaki na alama ya mwiko. Tukichanganya na mchanga wa mto uliooshwa na manyoya ya mbuzi yaliyokatwakatwa, basi hapo unaweza kutengeneza hata kope la jicho. Chokaa ya kupaka juu tulitia mafuta ya ng'ombe kidogo ili maji ya mvua yateleze. Wenzangu wa ofisini walidai tunanuka kama bucha. Ni kweli tulinuka.

Mwiko wake mdogo aliufua kwa jani la springi ya lori. Alikuwa pia na kijiko cha chai kilichonolewa ukingo mmoja, cha kuchonga mikunjo ya nguo. Mwiko wa dukani, alisema, ni wa kujengea choo.

Na alikuwa na sharti moja. Ufa uzibe. Kilichoanguka kirudishe, kama unacho mkononi. Kilichopotea usikitunge. "Ukitunga," alisema, "baada ya muda hakuna atakayejua kipi ni chao na kipi ni chako." Nililishika sharti lile kuliko nilivyoshika mambo mengi ya kanisani, ingawa mimi ni Mkatoliki.

Kuna mwaka mmoja, alizeti zikiwa zimechanua mji mzima, mnara ulianza kuguna. Si utani. Ukisimama karibu saa za mchana, upepo ukitulia, ulisikia mvumo mzito, mtamu, unaotoka ndani ya nguzo. Wanawake wa kanisani walisema Bikira anasali. Wanaume wa kwenye baraza la kahawa walisema ni umeme umepita chini. Watu waliacha biashara zao wakaja kuweka sikio kwenye ngazi, wamefumba macho, wengine wanakaa hivyo muda mrefu bila kusema neno. Mzee Yona aliweka sikio lake, akasikiliza, akasema, "Nyuki."

Walikuwa wameingia kwa tundu dogo chini ya unyayo wa malaika mmoja. Waashi wa zamani waliacha uwazi ndani ya mawingu ili kupunguza uzito, na nyuki wakaona ni nyumba. Tulifunga jukwaa, tukapanda na moshi, tukafungua wingu moja kwa tindo taratibu kama unavyofungua yai la kuchemsha. Ndani kulikuwa na masega yaliyoning'inia meupe kwa manjano, safu kwa safu, yamefuata umbo la wingu lenyewe. Mzee Yona alikaa kuyatazama mpaka akaumwa usoni. Tuliwahamishia kwenye mzinga wa gogo nyuma ya zahanati, na asali tukawapa watu wa kanisani na wa msikitini wagawane. Ilikuwa na ladha ya chokaa kwa mbali, au labda mimi nilitaka iwe nayo. Kwa muda mrefu baadaye nikilala nilikuwa naota niko ndani ya wingu, kuna joto na mwanga wa manjano, na mtu mmoja asiyeonekana anaguna wimbo nisioujua maneno yake.

Saruji nitaisema kwa kifupi kwa sababu bado inanichefua. Nikiwa likizo ya uzazi, mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kuziba nyufa, akaziziba kwa saruji. Ilipendeza sana. Kumbe maji yanayoingia kwenye chokaa lazima yapate pa kutokea, na saruji inayafungia ndani. Baada ya muda malaika wakaanza kuvimba mashavu na kubanduka. Tulitumia kiangazi baada ya kiangazi kuitoa saruji ile kwa tindo nyembamba, kipande kwa kipande. Mtanisamehe nikirudia: saruji ni nzuri kwa daraja.

Mzee Yona alistaafu akaenda kulima, nami nikaachiwa mnara na kile kijiko chake. Na sasa nafika kwenye kazi iliyonifanya nikae chini kuandika haya.

Yule mwanamke wa pangoni, wote mnajua jina lake ni Aliyelala. Yule padri mgeni alikusudia awe mtakatifu fulani wa kwao anayekinga watu na tauni, lakini jina lile halikushika. Amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, kanga imemfunika hadi kifuani, ndiyo, kanga, wala si joho. Uso wake ulikuwa wa mwanamke kijana wa huku kwetu, mpana kidogo, mdomo umefunguka kidogo kama anayetaka kusema jambo usingizini. Wapita njia walikuwa wakishusha sauti wakifika pale. Hata wapiga debe wa mabasi ya Singida.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Mfereji wa paa la duka jirani ulipasuka, maji yakawa yanamwagika moja kwa moja kwenye mdomo wa pango, na kwa sababu nilikuwa nimepelekwa Kiomboi kwenye ukarabati wa majengo ya shule, hakuna aliyeona. Niliporudi nilipiga magoti nikachungulia. Mwili ulikuwepo, kiganja kilikuwepo, kanga na mikunjo yake yote. Uso ulikuwa umekwenda. Pale palikuwa na kitu laini, cheupe, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Tulitafuta picha. Kila nyumba ya mji huu ina picha ya harusi iliyopigwa mbele ya mnara, lakini katika zote Aliyelala ni kivuli nyuma ya sketi za wasimamizi. Kamati ya mnara ikakaa. Sikukuu ya mnara ilikuwa inakaribia, siku ambayo Wakristo na Waislamu huja pamoja kuwaombea waliokufa kwa tauni, na wajumbe hawakutaka wageni waone pango lenye mtu asiye na uso. Mjumbe mmoja akapendekeza tuagize kichwa cha plasta Dodoma. Mwingine akasema, "Fundi Monika ana mkono mzuri, atengeneze uso wowote, mradi uwe wa heshima."

Nikakataa. Nikasema kilichopotea hatukitungi. Paroko, kijana mpole, akaniuliza, "Kwa hiyo tumwache hivyo?" Nikasema ndiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika, na uhakika ule ulinikera, sijui kwa nini.

Siku chache baadaye nikiwa pangoni nasafisha matope, nikasikia fimbo inagonga ngazi. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, amejifunga mtandio, anaongozwa na binti yake, mwanamke wa makamo. Macho ya yule bibi yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi."

"Wanasema mama yangu hana uso."

Sikumwelewa. Yule binti, jina lake Hadija, akanieleza kwa upole kwamba mama yake anaitwa Bibi Saumu, wanakaa nyuma ya msikiti, na mwanamke aliyelala mle pangoni ni bibi yake yeye Hadija. Nikatoka, nikawaketisha kwenye ngazi, na Bibi Saumu akasimulia.

Baba yake alikuwa mmoja wa wale waashi wa Sekenke. Mkewe aliitwa Tatu. Tauni ilipoingia kijijini yeye alikuwa migodini, na habari ilipomfikia, Tatu alikuwa ameshazikwa na watu wa afya. Alikuta shimo limefunikwa na kumwagiwa chokaa. Saumu alikuwa bado hajaachishwa ziwa. Padri alipotafuta mafundi wa mnara, baba yake akaomba apewe pango.

"Msikitini walimlaumu," Bibi Saumu akasema. "Walimwambia, wewe Mwislamu unatengenezaje sanamu. Akawajibu, sikutengeneza sanamu, nimemlaza mke wangu."

Akapapasa ngazi kwa kiganja.

"Mimi sikumjua mama aliye hai. Nimemjua huyu. Nikitumwa sokoni nilikuwa napita kumwonyesha nilichonunua. Siku naolewa nilipitishwa hapa. Huyu Hadija alipotoka arobaini nilimleta hapa kwanza. Macho yalipoanza kuziba sikuhofu, nikasema nitakuwa namshika. Sasa hakuna cha kushika. Na jambo baya, fundi, nikimtafuta humu kichwani naona ananikimbia. Kila siku anapungua."

"Bibi," nikasema, "sisi katika kazi hii haturuhusiwi kutunga."

"Nani kakwambia utunge? Mimi nitakueleza, wewe utafanya."

Nilimtazama Hadija. Alikuwa anatazama chini.

Nilienda kwa paroko nikamwomba asubiri. Akasema sikukuu itamkuta Aliyelala alivyo, na kama wageni watauliza atawajibu yeye. Wajumbe wengine walinuna.

Basi nikawa nakwenda kwa Bibi Saumu alasiri, kazi zikiisha. Nilichukua udongo wa kichuguu, nikaukanda mpaka ukalainika, nikaubeba ndani ya gunia bichi. Kiambazani kwake kulikuwa na kivuli kizuri, na upepo wa kwetu huu usiochoka ulikuwa unapita juu ya ukuta ukileta harufu ya alizeti zinazokamuliwa, maana Hadija alikuwa na mashine ndogo ya mafuta. Nilikuwa natengeneza uso, namwekea mapajani, anaupapasa.

"Pua hii ya kwenu Unyaturuni," alikuwa akisema. "Itoe."

Au: "Paji limekuwa la mtu mwenye mawazo. Yeye hana mawazo, amelala."

Au anaubomoa tu kwa vidole, ananirudishia udongo. Alinieleza mambo ambayo si ya uso. Kwamba mama yake alipenda maziwa ya mgando. Kwamba alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo. Hayo alisimuliwa na bibi yake, lakini aliyasema kama mtu aliyekuwepo, na mimi mkono wangu uliyasikiliza kuliko alivyoniambia kuhusu mashavu. Alasiri zile zimechanganyika kichwani mwangu, zimekuwa alasiri moja ndefu yenye mwanga wa njano. Mara nyingine alisinzia akiwa ameushika uso wa udongo, mdomo umefunguka kidogo, na mimi nikikaa nikimtazama, nikiogopa hata kuhamisha karai.

Siku moja alishika kazi yangu, akaipapasa, akaipapasa tena. Hakusema "itoe." Akatabasamu.

"Huyu," akasema.

Hadija akaingia kutoka kwenye mashine, anajifuta mafuta mikononi. Akauona ule uso mapajani mwa mama yake, akasimama palepale.

"Mama," akasema taratibu, "huyo ni wewe."

Bibi Saumu akainua mkono mmoja, akaushika uso wake mwenyewe, mkono wa pili ukiwa bado kwenye udongo. Akaanza kwenye paji, akashuka kwenye macho, pua, mashavu, mikono yote miwili ikienda pamoja. Nilifikiri atalia. Mimi nilikuwa nataka kulia, kwa sababu nilijua kazi imeharibika, kwamba muda wote ule alikuwa akinieleza uso anaoupapasa kila asubuhi akinawa.

"Bibi yangu alikuwa ananiita Tatu," akasema mwisho. "Nikiitika, ananitazama, anageuka. Nilidhani ni uzee."



"Nilikuwa nasema nimempoteza," akaendelea, "kumbe natembea naye." Akanigeuzia macho yake meupe. "Fundi, mama hakufikia umri huu. Mpunguzie miaka."

Nikachukua kile kijiko kilichonolewa. Nikatoa udongo chini ya macho, kidogo sana. Akapapasa. "Bado." Nikajaza mashavu. "Bado." Nikaondoa mistari ya pembeni mwa mdomo, nikaushusha mfupa wa shavu, nikalainisha shingo. Kila mara alipapasa na kusema bado, na kila mara uso ule ulizidi kuwa kijana, na yeye alizidi kuusogelea, mpaka kichwa chake kikawa karibu kugusana na cha udongo. Hadija alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta.

"Hapo," Bibi Saumu akasema. "Hapo ndipo alipoishia."

Kabla ya kugusa pango nilipanda bodaboda nikaenda kwa Mzee Yona shambani. Alikuwa mzee sana sasa, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nilimsimulia yote. Nilitegemea anikaripie.

"Umeutunga au umeambiwa?" akauliza.

"Nimeambiwa. Lakini aliyeniambia hakumbuki sawasawa."

"Ni nani kwake?"

"Ni mwanawe."

Akapukuchua hindi zima kabla ya kusema tena. "Basi hapo mimi sina neno. Chokaa uliyonayo umeizima lini?"

"Tangu kiangazi kilichopita."

"Inatosha," akasema, akachukua hindi jingine.

Nilifanya kazi ile nimelala ubavu ndani ya pango, uso kwa uso na Aliyelala, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kufikia. Ukilala mle unasikia soko kama uko chini ya maji: mbuzi, redio, mtu anabishana bei, vyote mbali na vyote laini. Nilipaka tabaka moja, nikasubiri lishike, nikapaka jingine. Uso wa udongo nilikuwa nao kando, ndani ya kitambaa kibichi. Nilipofika kwenye midomo mkono wangu ulitulia kuliko ulivyowahi kutulia maishani. Kuna wakati nilisinzia, na nilipozinduka sikujua mara moja ni nani kati yetu aliyekuwa amelala na nani anayemtazama mwenzake.

Sikukuu ilipita kabla sijamaliza. Watu walisali mbele ya turubai. Nilipofungua turubai lile, baadaye, wengine walisema ndiye yule yule. Muuza kahawa mmoja alisema pua ya zamani ilikuwa juu zaidi, na analisema hilo mpaka leo, msibishane naye.

Hadija alimleta mama yake siku ya soko, asubuhi. Kulikuwa na watu wengi lakini walimpisha. Nilimshika mkono wa kushoto, Hadija wa kulia, tukamsaidia kupiga magoti mbele ya pango. Akaweka fimbo chini. Akaingiza mikono yote miwili, akaipata kanga, akaufuata mkunjo wake hadi begani, akafika shavuni. Hapo akatulia. Aliushika uso ule kwa muda mrefu, bila kupapasa, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Mwanamke yule wa chokaa alionekana kuwa na umri wa kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo mama," Bibi Saumu akasema.

Watu wa karibu walisubiri kitu, sijui nini. Upepo ulipita kwenye nyota za bati kule juu zikalia kidogo. Kisha Bibi Saumu akarudisha mikono yake, akaomba fimbo, na Hadija akampeleka kununua dagaa.

Alikuja tena mara nyingi. Mara nyingine nilimwona anampitishia mkono tu, haraka, kama mtu anayemaliza kazi za asubuhi. Alifariki kwa amani nyumbani kwake, na siku ile paroko aligonga kengele, na imamu akaja kumshukuru. Mzee Yona naye ametangulia. Mimi nimestaafu, mmenipa keki na saa ya ukutani, nashukuru, ingawa saa yenyewe inakimbia.

Sasa la kikazi. Mfereji wa duka tumeuhamisha, lakini chokaa ni chokaa. Itafika mvua nyingine na uso ule utaondoka tena, pengine mimi sipo, na ule wa udongo uliniponyoka ukavunjika siku tunahamisha ghala. Msiende kwenye picha za harusi, hazina kitu. Msikubali kichwa cha Dodoma. Nendeni kwa Hadija, ana kibanda cha mafuta ya alizeti pale wanaposimama mabasi ya Kiomboi. Siku hizi amezeeka kidogo, akiinama kupima mafuta mdomo wake unafunguka kama anayetaka kusema jambo. Mwombeni akae kwenye mwanga, mmtazame vizuri, halafu mmpunguzie miaka mpaka atakapowaambia, "Hapo."